Mwanafunzi wa Kijava anapomkatalia mwalimu, "hapana" yake iko wapi?

Mgeni akishakaa kisiwani Java miezi michache, kuna lalamiko moja ambalo halikosi: watu hawa hawakuambii hapana. Mwalimu wa kigeni anamwomba mwanafunzi aje Jumapili kupanga vitabu vya maktaba. Mwanafunzi anainamisha kichwa, anatabasamu, anasema jambo fulani kuhusu mama yake na soko, na Jumapili hatokei. Mwalimu anaona kwamba ameahidiwa kisha akadanganywa. Mwanafunzi naye haelewi mwalimu amekasirikia nini, maana yeye alikwisha kukataa, tena mapema, tena kwa adabu zote alizofunzwa nyumbani.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili pia. Serikali ya Indonesia hutoa ufadhili wa masomo ya juu kwa vijana wa nchi zinazoendelea, Watanzania wakiwemo, na vyuo vikuu vyake vingi vikubwa viko Java, kama vile Gadjah Mada mjini Yogyakarta na Sebelas Maret mjini Surakarta. Huko mtu anasoma na Wajava, anafundishwa na Wajava, anapanga chumba kwa Wajava. Asipojua wanavyokataa, atawaita wanafiki. Neno hilo linatolewa kirahisi mno, na si haki.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Wajava ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Indonesia. Sensa ya 2010 iliwahesabu zaidi ya milioni 95, yaani kama watu 40 katika kila Waindonesia 100. Kwao hasa ni Java ya Kati, Yogyakarta na Java ya Mashariki. Upande wa magharibi wa kisiwa hichohicho ni kwa Wasunda, wenye lugha yao, na Jakarta ni mchanganyiko wa kila aina ya watu. Kwa hiyo si kila anayeishi Java ni Mjava, na si kila Mjava anaishi Java.

Sasa kukataa kwenyewe. Ombi likitolewa, anayeombwa ana njia mbili, kukubali au kutokubali, na ile ya pili ina hatari ndani yake. Hata kwetu, ukipita mbele ya nyumba ukakuta watu wamekaa jamvini wanakula, utaambiwa "karibu". Utajibu "ahsante, nimetoka kula sasa hivi", hata kama tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Hakuna atakayekwenda kuchunguza. Aliyekukaribisha ametimiza lake, nawe umekataa bila kusema hutaki chakula chake, na hakuna mtu mzima anayeliita jibu hilo uongo. Wote wawili mmejua kilichosemwa.

Kinacholindwa hapo wataalamu wa lugha wanakiita "uso", yaani heshima ambayo mtu anajitakia mbele ya wenzake. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika juu yake mwaka 1955. Penelope Brown na Stephen Levinson wakalichukua wazo hilo na kulijengea nadharia nzima ya adabu katika maandishi yao ya 1978 na 1987. Wanasema kila mtu ana haja mbili: kukubalika kwa wenzake, na kuachwa afanye mambo yake bila kusukumwa. Mwalimu akiomba, anaigusa ile haja ya pili ya mwanafunzi, kwa kuwa anamchukulia muda wake. Mwanafunzi akikataa, anaigusa ile ya kwanza ya mwalimu. Uzito wa jambo hupimwa kwa vitu vitatu: nani ana mamlaka juu ya nani, wamezoeana kiasi gani, na kinachoombwa ni kikubwa namna gani. Kwa Wajava kile cha kwanza kina nguvu kuliko viwili vingine. Wao husema mwalimu ni mtu wa kuaminiwa na kuigwa, na mtoto hulisikia hilo kabla hajaanza shule.

Hildred Geertz, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi katika mji mdogo wa Pare, Java ya Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza hisia tatu ambazo mtoto wa Kijava hufunzwa kwa zamu. Ya kwanza ni wedi, woga wa matokeo. Baadaye huja isin, haya ya kuonekana vibaya. Ya mwisho ni sungkan, nayo ndiyo ngumu kwa mgeni: ni kujizuia mbele ya mtu unayemstahi, bila kumwogopa na bila kuwa umekosa lolote. Mwanafunzi anayesitasita mbele ya mwalimu mara nyingi haogopi adhabu. Ana sungkan, na kwake hali hiyo ni dalili ya malezi mema.

Sasa turudi kwenye yale ya maktaba tulisikilize jibu lenyewe. Mwalimu ni mwanamke, kwa hiyo anaitwa Bu; angekuwa mwanamume angeitwa Pak. Jibu la adabu, kwa Kijava, lingekuwa hivi:

"Nyuwun pangapunten, Bu. Dinten Minggu kula kedah ngrencangi ibu wonten peken. Menawi dinten Senin, kula saged."

Maana yake: "Naomba radhi, Bu. Jumapili inanibidi nimsaidie mama sokoni. Ikiwa ni Jumatatu, naweza."

Tafuta neno "hapana" humo, hulioni. "Siwezi" haipo, "sitaki" ndiyo kabisa. Hata hivyo ni kukataa kuliko wazi. Mwalimu wa Kijava angelipata jibu lake katika maneno mawili ya mwanzo, kwa sababu mtu hafungui maneno yake kwa kuomba radhi ikiwa anakwenda kukubali. Mgeni anayekaa akingoja kitenzi cha kukataa atangoja mpaka mazungumzo yaishe.

Sehemu iliyobeba jibu zima ni ile ya katikati, ya mama na soko. Kwa nini mama? Mwanafunzi akisema amechoka, au ana shughuli zake, anayaweka matakwa yake na ya mwalimu kwenye mizani moja, na hilo ndilo linaloonekana utovu wa adabu. Akimtaja mama anabadilisha kilichomo mizanini: upande mmoja wajibu kwa mzazi, upande mwingine wajibu kwa mwalimu, na yeye amesimama katikati akiwa mtii kwa wote wawili. Mwalimu hawezi kuona ameshindwa na mtoto. Ameshindwa na mzazi, na yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha watoto kuwatii wazazi. Ndiyo maana sababu zenye nguvu kwa Wajava ni zile zinazotoka nje ya nafsi ya msemaji: mzazi, ugonjwa, kazi iliyotolewa na mwalimu mwingine, msiba, ibada. Naona kuna akili kubwa sana katika mpango huu.

Sentensi ya tatu, ile ya Jumatatu, ina kazi tofauti. Inamwambia mwalimu kwamba lililokataliwa ni Jumapili, na kwamba yeye hajakataliwa. Wengine badala ya kutaja siku hutumia neno lenye maana ya "bado": hawasemi hawawezi, wanasema bado hawajaweza, na mlango unabaki nusu wazi.

Mwanafunzi huyuhuyu akiombwa na rafiki yake atajibu, "Emoh, kesel aku." Sitaki, nimechoka. Yanaishia hapo, na hakuna aliyeumia. Anayesema Wajava hawana "sitaki" hajawahi kukaa na vijana wao wakicheza mpira.

Ngazi za lugha

Hadi hapa tungeweza kuwa tunazungumzia watu wa mahali pengi duniani. Kinachofanya mambo yawe magumu zaidi kwa Mjava ni lugha yenyewe. Katika Kiswahili heshima huongezwa juu ya maneno: unatanguliza shikamoo, unaweka naomba, unaita mwalimu au mama, lakini "kula" inabaki "kula". Katika Kijava, maneno yenyewe hubadilika kulingana na unayezungumza naye na unayemzungumzia. Ngoko ni lugha ya marafiki na ya mkubwa kwa mdogo. Krama ni lugha ya staha. Juu ya hizo kuna maneno ya pekee ya kumtukuza mtu, na mengine ya kujishusha.

"Kula" katika ngoko ni mangan. Katika krama ni nedha. Ukizungumzia kula kwa mtu unayemheshimu, unasema dhahar. Sasa tuseme mwalimu anamkaribisha mwanafunzi chakula, naye anataka kukataa kwa kusema amekwisha kula. Lililo sahihi ni "Matur nuwun, Bu, kula sampun nedha." Mwanafunzi aliyesikia tu kwamba dhahar ndilo neno la heshima akasema "kula sampun dhahar" amejitukuza mwenyewe mbele ya mwalimu. (Kula hapo ni "mimi" kwa Kijava, lisichanganywe na letu.) Nia yake ilikuwa njema, kosa limeangukia pabaya, na kosa hili ni la kila siku kwa vijana wa mijini.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kumkatalia mwalimu ana mitihani miwili kwa pamoja. Anatafuta sababu isiyomuumiza mtu, na wakati huohuo anachagua kila neno kutoka kwenye ngazi yake. Mwili nao una zamu yake: mikono imekutanishwa mbele, mmoja umeushika mwenzake, mkao unaoitwa ngapurancang; sauti iko chini, macho hayakazi. Akihitaji kuelekeza mahali atatumia dole gumba la mkono wa kulia, kwa kuwa kunyoosha kidole cha shahada ni ufidhuli.

Vijana wengi siku hizi wanatokea mlango mwingine kabisa: wanahamia Kiindonesia. Lugha hiyo ya taifa haina ngazi kama za Kijava, hivyo mtu akisema "Maaf, Bu, saya tidak bisa", samahani Bu, siwezi, hana dhahar wala nedha ya kumtega. Wazee hulalamika kwamba vijana wameacha adabu. Mimi naliona kinyume. Kijana anayeona afadhali Kiindonesia sahihi kuliko krama ya kukosea anafanya hivyo kwa sababu anamstahi mwalimu. Kinachopotea ni krama yenyewe, na hiyo ni hasara ya kweli, lakini si hasara ya staha.

Yanayosemwa vibaya

Lile la kwanza tumekwisha kuligusa: kwamba Mjava husema ndiyo huku moyoni amekataa. Mzizi wake ni neno inggih, ambalo hutafsiriwa "ndiyo". Mjava anayemsikiliza mkubwa hutia inggih kila baada ya sentensi mbili tatu, na kazi yake ni kuonyesha kwamba anasikia. Anayetaka kujua kama amekubaliwa asihesabu inggih. Aangalie kama mwenzake ametaja siku, saa, au kitu atakachokuja nacho. Inggih tupu, yenye tabasamu na isiyo na lolote nyuma yake, haijaahidi kitu.

Tena Wajava wenyewe hawaisifu ndiyo ya uongo. Wana msemo mkali kuhusu hilo: nggih-nggih ora kepanggih, yaani mtu wa ndiyo, ndiyo, kisha jambo halionekani. Huambiwa mtu kwa kumlaumu. Jamii yenye msemo huo inajua vizuri tofauti kati ya kukataa kwa staha na kudanganya.

Hali ni hiyohiyo kwa "insyaallah", ambayo husikika mno Java kwa kuwa wengi wao ni Waislamu. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kuna inshallah ya mtu anayekusudia kuja, na kuna inshallah ambayo mwenyeji akiisikia anapunguza sahani moja. Sauti ndiyo inayozitenganisha.

La pili ni dhana kwamba kadiri mtu anavyozunguka ndivyo anavyokuwa na adabu zaidi. Haiko hivyo. Krama ikitumiwa kwa rafiki wa karibu ambaye siku zote mnaongea ngoko humshtua: kuna nini, umenikasirikia? Na mwanafunzi anayezunguka dakika kumi bila kufika amemwachia mwalimu mzigo wa kubahatisha. Adabu ya Kijava ina kipimo, na kuzidisha pia ni kukosea.

La tatu, kwamba hii ni tabia ya Wajava wote tangu na tangu. Ngazi hizi zina historia. Zilikomaa katika enzi ya ufalme wa Mataram, kuanzia karne ya 17, na zikanolewa zaidi katika kasri za Surakarta na Yogyakarta baada ya mkataba wa Giyanti wa 1755 kuugawa ufalme huo. Mpaka leo watu wa miji hiyo miwili ndio wanaosifiwa kwa ulaini wa maneno, ilhali wa Banyumas na Surabaya wanajulikana kwa kusema wazi bila kupinda. Wapo pia waliozikataa kwa makusudi. Wafuasi wa Samin Surosentiko, wakulima wa maeneo ya Blora mwishoni mwa karne ya 19, waliwajibu maofisa wa utawala wa kikoloni kwa ngoko ileile waliyosemeshana shambani. Mwaka 1917 kikaanzishwa Surabaya chama cha Djawa Dipa, kilichotaka krama iachwe na Wajava wote wasemeshane kwa ngoko kama watu walio sawa. Hakikufaulu. Lakini vijana waliotaka taifa moja la Indonesia walipokula kiapo chao tarehe 28 Oktoba 1928, lugha waliyoitaja kuwa ya umoja ilikuwa Kiindonesia, iliyotokana na Kimalei. Kijava kilikuwa na wasemaji wengi zaidi, na ngazi zake ni mojawapo ya mambo yaliyokizuia: taifa linalotaka usawa lingepata tabu na lugha inayokulazimisha kuamua nani yuko juu kabla hujafungua kinywa.

Neno fupi kuhusu utafiti, kwa kuwa matokeo yake hunukuliwa ovyo. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu kukataa imepatikana kwa njia iliyojulikana sana kupitia Leslie Beebe, Tomoko Takahashi na Robin Uliss-Weltz, waliochapisha mwaka 1990 uchunguzi wa Wajapani na Wamarekani. Mtu hupewa karatasi yenye visa vifupi: mwalimu wako anakuomba hiki nawe huwezi, andika ungemjibuje. Majibu hukatwa vipande, kile cha radhi, cha sababu, cha kupendekeza njia nyingine, kisha vinahesabiwa. Watafiti wa vyuo vya Indonesia wameitumia mara nyingi, na inafaa kwa kulinganisha. Lakini karatasi haina sungkan. Haioni mikono iliyokutanishwa, haisikii kimya cha sekunde tatu, na mtu aliyeketi peke yake na kalamu huandika analoamini angepaswa kusema. Mwanafunzi ambaye kwa kweli angenyamaza na kutazama sakafu, kwenye karatasi ataandika sentensi tatu safi.

Kimya hicho ndicho kinachonitia wasiwasi, maana adabu hii ina gharama na wanaoilipa ni wadogo. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake ana sungkan anaweza kuitumia. Anaweza kumwomba afanye kazi zake binafsi bila malipo, amsahihishie mitihani usiku, au mabaya zaidi ya hayo. Sungkan isiyo na mwalimu mwadilifu ni mtego. Mwaka 2021 wizara ya elimu ya Indonesia ilitoa kanuni namba 30 ya kuzuia ukatili wa kingono vyuoni. Ilizua mabishano makubwa, na mwaka 2024 nafasi yake ikachukuliwa na kanuni nyingine, lakini ilikuwa na kifungu kilichohusu hasa jambo hili: ridhaa haikuhesabika ikiwa mtendaji ametisha, amelazimisha au ametumia vibaya cheo chake. Maana yake ilikuwa kwamba inggih iliyosemwa mbele ya mtu mwenye madaraka ya kukufelisha haitoshi kuwa ndiyo.

Ndiyo maana naamini sehemu kubwa ya kazi ni ya anayeomba. Walimu wa Kijava wenye busara wanajua kuuliza. Hawasemi "utakuja Jumapili, sivyo?", swali ambalo halina mahali pa kutokea. Wanauliza siku ipi ina nafasi, au wanalitaja jambo mbele ya darasa zima ili anayeweza ajitokeze na asiyeweza asilazimike kujieleza. Kwa jambo zito wanampitisha kiongozi wa darasa, naye anarudi na majibu bila mtu kukutana uso kwa uso na "hapana". Simu nazo zimeongeza njia. Mwanafunzi anayemwandikia mhadhiri ujumbe huanza kwa salamu, anaomba radhi kwa kumsumbua, anajitambulisha jina na darasa, ndipo anaeleza kilichomzuia na kushukuru. Vyuo kadhaa vimetoa miongozo ya namna ya kuandika ujumbe wa aina hiyo. Mhadhiri mgeni akiupokea asipite haraka salamu na radhi akitafuta neno la kukataa. Jibu lake liko kwenye sababu, na siku mbadala ikiwa imetajwa, hiyo ndiyo ya kuijibu.